Kisichojulikana Kilikotoka Kinahesabiwa cha Kigeni

Mtu anayetaka kuiuzia serikali ya Marekani pampu za maji, mashuka, kabati za ofisi au mota za umeme lazima akutane na ukurasa mmoja unaomtaka atamke bidhaa zake zimetengenezwa wapi. Ni ukurasa mfupi. Una aya chache za kisheria na jedwali dogo la kuandika nambari ya bidhaa kwenye zabuni na nchi ilikotoka. Ukiupitia haraka utauona kama kazi ya dakika za mwisho, ya kujazwa bei zikishapangwa na barua ikishatiwa sahihi. Kazi yangu ni kuandaa makaratasi ya zabuni katika kampuni ndogo inayouza vifaa vya mitambo kwa ofisi za serikali hiyo, na ukurasa huo ndio ninaoushika wa kwanza. Ndugu wanaofikiria kuingia katika biashara hii huniuliza usajili, huniuliza bei, huniuliza malipo huchukua muda gani. Cheti cha asili ya bidhaa hakuna anayekiulizia mpaka kimfike mkononi.

Nyuma ya cheti hicho kuna sheria mbili zenye nia tofauti. Ya kwanza, ile wanayoiita Buy American, yaani nunua vya Marekani, ilitiwa saini na Rais Herbert Hoover tarehe 3 Machi 1933, na kesho yake Franklin Roosevelt akaapishwa kushika nafasi yake. Uchumi ulikuwa umeporomoka, viwanda vimefungwa, na Bunge likaona kwamba fedha za walipa kodi ziwape kazi walipa kodi wenyewe. Naikubali hoja hiyo. Nimeona jinsi oda moja ya serikali inavyoweza kukifanya kiwanda kidogo kiendelee kuwasha mashine mwaka mzima, na sina neno na nchi yoyote inayotaka fedha zake zianzie nyumbani. Ninalolijadili hapa ni namna lengo hilo linavyogeuzwa kuwa karatasi, na nani anabebeshwa uzito wa karatasi hiyo.

Kwanza ieleweke kwamba Buy American haikatazi bidhaa za kigeni. Inazipandishia bei wakati wa kulinganisha zabuni tu. Tuseme kampuni moja imeleta bidhaa ya kigeni kwa dola 100,000, nayo ndiyo ya chini kuliko zote, na nyingine imeleta bidhaa ya Marekani kwa dola 125,000. Afisa ununuzi wa ofisi ya kiraia anaichukua ile ya kigeni na kuiongezea asilimia 20 kama mwenye bidhaa ya Marekani ni kampuni kubwa, au asilimia 30 kama ni kampuni ndogo. Kampuni kubwa itashindwa hapo, kwa kuwa 120,000 bado iko chini ya 125,000. Kampuni ndogo itashinda, kwa kuwa ya kigeni imehesabiwa 130,000. Jeshi lina kipimo chake kikali zaidi, asilimia 50. Kabla ya mwaka 2021 ofisi za kiraia zilitumia asilimia 6 na 12, kwa hiyo tofauti ya leo ni kubwa mno. Jibu moja kwenye lile jedwali linaweza kubeba au kuangusha zabuni nzima, hata kama bei yako ilipangwa kwa uangalifu wa wiki kadhaa.

Sasa, bidhaa ya Marekani ni ipi? Hapa ndipo kazi yangu inapoanza. Kwa bidhaa ya kiwandani kuna masharti mawili: iwe imetengenezwa Marekani, na gharama ya vijenzi vyake vya Marekani ivuke kiwango fulani cha gharama ya vijenzi vyote. Tangu miaka ya 1950, baada ya amri ya Rais Eisenhower ya mwaka 1954, kiwango kilikuwa zaidi ya asilimia 50, na watu walizeeka nacho. Kisha mambo yakaenda mbio. Mwanzoni mwa 2021 kikawa asilimia 55. Oktoba 2022 kikapanda hadi 60. Mwaka 2024 kikawa 65. Mwaka 2029 kimepangwa kufika 75. Bidhaa ambazo kwa sehemu kubwa ni chuma au chuma cha pua zina kipimo chao: chuma cha kigeni kisifike hata asilimia 5 ya gharama ya vijenzi.

Nitoe hesabu, maana bila hesabu jambo hili hubaki hewani. Chukua pampu inayotengenezwa kwa vipimo vya mnunuzi. Gamba lake linagharimu dola 400, mota dola 350, paneli ya kuiendesha dola 250, impela, yaani gurudumu la ndani linalosukuma maji, dola 120, beringi na sili dola 80. Jumla ni dola 1,200. Gamba na mota vimetengenezwa Marekani, vilivyobaki vimetoka nje. Vya Marekani ni dola 750, sawa na asilimia 62.5. Pampu hiyo ikikabidhiwa Desemba 2023 ni ya Marekani. Ikikabidhiwa Januari 2024 ni ya kigeni. Hakuna skrubu hata moja iliyobadilika, mafundi ni walewale, kiwanda ni kilekile. Na kama mkataba wako unavuka miaka, kanuni ya kawaida ni kwamba kila bidhaa itimize kiwango cha mwaka inaokabidhiwa, si cha mwaka uliosaini. Aliyesaini mkataba wa miaka mitano mwaka 2022 kwa hesabu ya asilimia 60 aliahidi jambo ambalo wauzaji wake wa vijenzi huenda hawakuwahi kulisikia.

Tazama pia kisichohesabiwa. Mishahara ya mafundi wanaoiunganisha pampu hiyo haimo. Umeme wa kiwanda haumo. Kinachohesabiwa ni gharama ya vijenzi, pamoja na usafiri wa kuvifikisha mahali pa kuunganishwa na ushuru wa forodha kama upo. Kiwanda kinaweza kuajiri watu mia, kikafanya kazi ngumu na ya ustadi kwenye kijenzi kilichoagizwa kutoka nje, na jasho lao lisionekane kwenye asilimia ile. Kwa sheria iliyozaliwa kwa ajili ya ajira, naona hilo ni pengo kubwa. Najua sababu yake: gharama ya kuunganisha ni rahisi kuivimbisha, na bei ya kijenzi ina ankara. Lakini pengo ni pengo.

Upande wa pili wa kanuni hiyo unawasaidia wauzaji, na wengi hawaujui. Kijenzi huhesabiwa kizima. Mota ikitengenezwa Marekani, haijalishi nyaya za shaba zilizomo ndani yake zilitoka wapi, dola zote 350 ni za Marekani. Sheria inashuka ngazi moja tu na kusimama. Nimewahi kusoma barua ya kiwanda kilichojinyima sifa kwa sababu ya sumaku zilizokuwa ndani ya mota waliyoiunda wenyewe na kuiuza kama kijenzi. Hakuna aliyewauliza sumaku. Waliulizwa mota.

Kuna sentensi moja katika cheti hicho ambayo ningependa kila muuzaji aisome mara mbili kabla ya kutia sahihi. Inasema kwamba, isipokuwa kwa bidhaa za kawaida za sokoni, mtoa zabuni amevihesabu vijenzi ambavyo asili yake haijulikani kuwa vimetoka nje ya Marekani. Yaani usipojua, umeshajibu. Rudi kwenye pampu yetu. Mota imetoka Marekani kweli, lakini aliyetuuzia hakujibu barua. Siwezi kuiandika dola 350 upande wa Marekani kwa sababu naamini tu. Inahamia upande wa kigeni, na pampu inashuka kutoka asilimia 62.5 hadi 33.3. Ukimya wa mtu mmoja ofisini kwake, pengine mtu asiyejua hata kwamba serikali ndiyo mnunuzi wa mwisho, umeifanya pampu ya Marekani kuwa ya kigeni.

Mtego mwingine umo katika mpangilio wa fomu yenyewe. Haikuulizi bidhaa moja baada ya nyingine kama ni ya Marekani. Inasema: natamka kwamba kila bidhaa ni ya Marekani, isipokuwa zilizoorodheshwa hapa chini. Ukiacha jedwali tupu umeapa kwamba zote ni za Marekani. Nimekutana na vyeti vilivyoachwa vitupu na watu waaminifu kabisa waliodhani kwamba kuacha nafasi wazi ni kusema sina la kusema. Kwenye karatasi nyingi za ofisi ndivyo ilivyo. Kwenye hii, nafasi tupu ni kiapo.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya muda wangu huenda kwenye kuuliza. Na kuuliza kwenyewe ni ustadi, kwa sababu nchini Marekani maneno yaleyale hupimwa kwa vipimo kadhaa. Tume ya Shirikisho ya Biashara, inayolinda wanunuzi wa kawaida dhidi ya matangazo ya uongo, inataka bidhaa inayonadiwa kuwa imetengenezwa Marekani iwe ya Marekani yote au karibu yote. Buy American inataka asilimia ya gharama ya vijenzi. Mikataba ya biashara, nitakayoifikia hivi punde, haijali asilimia kabisa. Muuzaji akinijibu kwa mstari mmoja kwamba bidhaa zetu ni za Marekani, hajanijibu chochote, maana sijui ameshika kipimo kipi. Mara nyingi hajui naye. Amenakili maneno yaliyo kwenye kijitabu cha matangazo.

Swali linaloleta jibu la kutumika ni lile linalotaja kitu kwa nambari yake ya katalogi, likauliza kimeundwa katika kiwanda cha nchi gani, likataka jibu la maandishi lenye tarehe na jina la cheo cha anayejibu, na likaomba tuarifiwe mahali pa kuundia pakibadilika. Sharti hilo la mwisho ndilo linalopuuzwa zaidi. Viwanda huhama. Bidhaa yenye nambari ileile inaweza kutoka Meksiko mwaka huu na China mwaka ujao, na sanduku likafika likiwa na rangi ileile.

Si kila ununuzi unaohitaji jasho hili. Manunuzi madogo kabisa, yaliyo chini ya kikomo kilichokuwa dola 10,000 kwa miaka kadhaa, hayaguswi na Buy American. Teknolojia ya habari inayouzwa kwenye soko la kawaida imesamehewa tangu bajeti ya mwaka 2004. Bidhaa za kawaida za sokoni, zile ambazo serikali inazichukua kama anavyozichukua mteja mwingine yeyote, tangu mwaka 2009 zimeondolewa kipimo cha vijenzi, isipokuwa zikiwa za chuma, ingawa bado lazima ziwe zimetengenezwa Marekani. Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloliangalia kabla ya kumwandikia mtu yeyote barua ni kama kitu chenyewe kinauzwa sokoni vilevile kilivyo. Likiwa jibu ni ndiyo, nimejiokolea kazi kubwa.

Sheria ya pili ni ya mwaka 1979, ya mikataba ya biashara. Marekani ilikuwa imekubaliana na nchi kadhaa: nyinyi msibague bidhaa zetu kwenye manunuzi ya serikali zenu, nasi hatutabagua zenu. Makubaliano hayo leo yamo ndani ya mkataba wa manunuzi ya serikali wa Shirika la Biashara Duniani, na toleo lililorekebishwa lilianza kutumika Aprili 2014. Zabuni ikifika thamani fulani, upendeleo wa Buy American unawekwa kando kwa bidhaa za nchi washirika. Kikomo hicho hupangwa upya kila baada ya miaka miwili. Kwa mwaka 2024 na 2025 kilikuwa dola 174,000 kwa bidhaa. Mikataba ya nchi moja moja ina vikomo vyake.

Matokeo yake yanashangaza mara ya kwanza unapoyaona. Mashine ya Japani katika zabuni ya dola 150,000 ni ya kigeni na inaongezewa bei. Mashine hiyohiyo katika zabuni ya dola 200,000 inalinganishwa sawa kwa sawa na ya Marekani. Mashine ya China, ambayo chini ya kikomo iliongezewa bei tu, juu ya kikomo haikubaliki kabisa, labda pasiwe na bidhaa nyingine inayofaa. India nayo imo kundi hilohilo la nje. Na zabuni ikitengwa kwa ajili ya kampuni ndogo pekee, mikataba ya biashara haihusiki hata kama thamani ni kubwa, na tunarudi kwenye Buy American na asilimia zake. Kabla ya kujaza chochote, lazima ujue zabuni yako imeangukia upande upi, maana kila upande una cheti chake na maneno yake.

Orodha ya nchi zinazokubalika ina jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atalitazama kwa makini. Mbali na washirika wa mikataba, imo pia orodha ya nchi zenye maendeleo duni, ambazo Marekani imezipa nafasi hiyo bila kuzitaka zifungue manunuzi yao. Tanzania imo. Uganda imo, Rwanda na Burundi zimo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo. Kenya haimo, kwa sababu haihesabiwi kundi hilo na wala si mshirika wa mkataba wa manunuzi. Kwa hiyo bidhaa iliyotengenezwa Tanga inaweza kushindanishwa sawa na ya Ujerumani katika zabuni inayoangukia chini ya sheria hiyo, na ya Mombasa, mwendo wa saa chache kutoka hapo, ikakataliwa mlangoni. Sijui wafanyabiashara wangapi wa Tanzania wanaufahamu mlango huo. Ningependa waufahamu.

Kipimo cha sheria hii ni kingine kabisa. Hakuna hesabu ya asilimia. Swali ni kama kitu kiligeuzwa kwa kiasi kikubwa katika nchi fulani hadi kikawa kitu kipya, chenye jina, sifa au matumizi tofauti na malighafi yake. Idara ya forodha hutoa maamuzi ya kitaalamu kwa anayeomba, na nimeyasoma mengi. Ndani yake utakuta maofisa wakipima kwa subira kama kubana skrubu na kupakia programu kunatosha kukifanya kitu kiwe kipya. Lakini kesi iliyowafundisha wengi zaidi ni ya vidonge. Kampuni ya Acetris iliuza dawa ya entecavir iliyoshindiliwa kuwa vidonge New Jersey kwa kiungo tendaji kilichotoka India. Idara ya maveterani, ikifuata tafsiri ya forodha, ilisema dawa hiyo ni ya India. Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ya Federal Circuit ikasema hapana: bidhaa inayonunuliwa ni kidonge, kidonge kilitengenezwa Marekani, na kanuni za ununuzi hazidai kiungo chake nacho kitoke Marekani.

Nilipoisoma hukumu hiyo nilifurahi kwa uwazi wake, kisha nikafikiria wagonjwa. Wale waliotaka sheria izalishe viungo vya dawa nyumbani walisikitika, na wana sababu. Mahakama ilisoma maneno yaliyoandikwa. Kama Bunge linataka kiungo tendaji kiwe cha Marekani, linaweza kuandika hivyo. Mwaka 1941 lilipotaka nguo na chakula cha wanajeshi viwe vya nyumbani liliweka masharti ambayo hadi leo, kupitia kifungu kiitwacho Berry, yanafuata vazi hadi kwenye uzi wake. Kinachomuumiza muuzaji mdogo ni kuulizwa jambo moja na kuhukumiwa kwa jingine.

Kuna kona moja ya kanuni ninayoipenda kwa dhati, nayo ni orodha ya vitu ambavyo Marekani imekiri haivipati kwa kutosha nyumbani. Kitu huingia humo kama uzalishaji wa ndani hauzidi nusu ya mahitaji. Kwa miaka mingi orodha hiyo imekuwa na ndizi, kahawa mbichi, chai ya jumla, korosho, nyuzi za mkonge, maua ya pareto, viungo vya chakula vya jumla, mpira mbichi, kobalti, na hata sumu ya swila na upanga pamoja na ala yake. Ukiisoma unaona kilimo chetu chote kimepita hapo. Na ina nguvu kuliko watu wanavyodhani: kijenzi cha aina iliyotajwa humo, hata kikitoka nje, huhesabiwa kama cha nyumbani. Bidhaa ya Marekani iliyofumwa kwa mkonge haipotezi asilimia kwa sababu mkonge ulivuka bahari. Wakati huohuo mota iliyoundwa jirani na kiwanda, ikikosa barua, ni ya kigeni. Sheria inamsamehe aliye mbali ambaye hali yake inajulikana, na haimsamehi jirani aliyenyamaza. Naona haki katika nusu ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo inayohitaji marekebisho.

Maana adhabu ya kukosea ni kubwa. Marekani ina sheria ya madai ya uongo ya mwaka 1863, ya enzi za Abraham Lincoln, iliyotungwa kuwabana wakandarasi waliokuwa wakilidanganya jeshi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Leo inaruhusu serikali kudai mara tatu ya hasara yake, pamoja na faini kwa kila dai, na inamruhusu mfanyakazi wa ndani kufungua kesi kwa niaba ya serikali na kupata fungu lake. Mwaka 2014 tawi la Samsung la Marekani lilikubali kulipa dola milioni 2.3 kumaliza madai kwamba liliwaeleza wauzaji wake kuwa bidhaa fulani zilitengenezwa Korea au Meksiko, ilhali, kwa madai ya serikali, zilitoka China. Wauzaji hao ndio waliokuwa na mikataba na serikali. Wao walitamka walichoambiwa. Katika kesi hiyo serikali ilipanda ngazi hadi kwa aliyetoa taarifa, na nadhani ilifanya sawa. Lakini si kila mara mtengenezaji ni kampuni kubwa iliyo ndani ya mipaka ya nchi. Mtengenezaji akiwa mbali na barua yake imeandikwa kijuujuu, anayebaki mezani ni yule aliyetia sahihi cheti.

Afisa ununuzi, kwa kanuni, anaruhusiwa kukitegemea cheti kama kilivyo asipokuwa na sababu ya kukitilia shaka. Hakagui kiwanda. Hana muda wala bajeti ya kufuatilia beringi. Kwa hiyo ukweli wote wa mfumo huu umewekwa juu ya mabega ya anayeuza, na anayeuza naye anautegemea juu ya barua za watu wasiobanwa na mkataba wowote na serikali. Kampuni kubwa ina idara nzima ya kufuatilia. Kampuni ndogo ina mtu mmoja, na mtu huyo siku hiyohiyo anaandaa bima, dhamana na ratiba ya kukabidhi.

Serikali yenyewe inajua kwamba karatasi ni gharama. Sheria ya Kupunguza Makaratasi ya mwaka 1980, iliyofanyiwa mabadiliko mwaka 1995, inaitaka kila idara inayokusanya taarifa kutoka kwa umma kupata kibali cha Ofisi ya Usimamizi na Bajeti, kibali kinachodumu miaka mitatu kwa kawaida. Kabla ya kukiomba upya, idara hutangaza katika gazeti rasmi la serikali, hutoa siku 60 za maoni, kisha siku 30 nyingine, na hukadiria saa ambazo wananchi watatumia kujibu. Vyeti vya asili ya bidhaa hupitia mzunguko huohuo. Kila baada ya miaka mitatu, basi, serikali humuuliza yeyote anayetaka kujibu: kazi hii inakuchukua muda gani, na tunaweza kuipunguza vipi?

Ukisoma fasili ya mzigo katika sheria hiyo utaona haikomei kwenye kuandika. Inataja kusoma maelekezo, kutafuta taarifa zilipo, kuzikusanya, kuzihakiki na kuzituma. Kwa cheti hiki kuandika ni dakika chache. Kutafuta ndiko kazi. Kadirio lolote linalopima kujaza jedwali peke yake linapima sehemu iliyo rahisi kuliko zote, na wanaoweza kulirekebisha ni wanaofanya kazi hiyo. Wanaojitokeza kutoa maoni mara nyingi ni vyama vya wafanyabiashara na mawakili. Sauti ya mtu anayepiga simu kiwandani mara ya tatu kuulizia sili haisikiki humo, na inapaswa kusikika.

Mimi nimeandaa maoni yangu kwa ajili ya tangazo linalofuata, na sitaki cheti kifutwe. Naomba mambo mawili. Fomu iulize kila bidhaa kwa jina, ya Marekani au la, ili nafasi tupu isiwe kiapo tena. Na serikali itengeneze fomu moja sanifu ya tamko la mtengenezaji wa kijenzi, yenye fasili za kisheria zimeandikwa juu yake, ambayo atakayeisaini atawajibika nayo yeye mwenyewe. Forodha zina vyeti vya asili vya mtengenezaji chini ya mikataba ya biashara huria, kwa hiyo wazo hili si geni kwa serikali. Kiwanda cha beringi kikipokea fomu yenye nembo ya serikali na maelezo ya wazi, kitaijibu haraka kuliko barua yangu, na kitajua kinaapa nini.

Wakati huo haujafika, na 2029 inakuja na asilimia 75 zake. Kwa pampu yenye vijenzi vya dola 1,200, hiyo ni zaidi ya dola 900 za vijenzi vya Marekani vinavyothibitishika kwa maandishi. Ya kwetu ina 750, kwa hiyo paneli au impela pamoja na beringi italazimika kutafutiwa mtengenezaji mwingine, na mtengenezaji mpya huchukua muda kumpata, kumjaribu na kumzoea. Mikataba ya miaka mitano inayosainiwa sasa inaufikia mwaka huo. Kwa hiyo katika kila barua ninayoituma kwa muuzaji wa kijenzi nimeongeza swali la ziada, linaloulizia kama ana mpango wa kuhamisha utengenezaji kabla ya 2029 na kwenda nchi gani. Baadhi wameshaanza kujibu.